Kubinya Mara Mbili

Kocha Guan alipotaka kuvunja jozi hakumwita mtu ofisini wala hakupaza sauti. Alibandika karatasi kwenye mlango wa bwalo la chakula, akaenda zake. Ukitaka kujua kama bado una mwenzako, unaisoma huku umebeba bakuli lako la uji wa mahindi. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwenye timu ya mkoa ya kuteleza barafuni pale Harbin, China, tangu Tong Xueqing aingie akiwa na miaka tisa, na ndivyo alivyosoma asubuhi ile ya Alhamisi, uji ukimpoa mkononi.

Qu Hanbo na Luan Peiyao: majaribio, siku kumi. Tong Xueqing: msaidizi wa mafunzo.

Alisoma mara tatu. Jina lake lilikuwa chini kabisa, peke yake, kama soksi iliyosahaulika kambani. Uji hakuula.

Alimfuata Kocha ukingoni mwa barafu. Mama huyo wa miaka sitini alikuwa amekaa na koti lake refu la manyoya bandia, anavunja mbegu za alizeti kwa meno na kutema maganda kwenye kifuniko cha chupa ya chai.

"Usinitazame hivyo," Kocha Guan alisema kabla hajaamkiwa. "Una miaka ishirini na mitatu. Miaka mitatu mfululizo wewe na Hanbo mmekuwa wa nne kitaifa. Wa nne! Wa nne hapandi jukwaani, mwanangu. Wa nne anawashikia wenzake makoti wakipigwa picha."

"Nipe mwaka mmoja tu, Kocha."

"Mwaka jana uliomba mwaka mmoja. Nikakupa. Mkaenda mkaburuta muziki vilevile, kama watu wanaosukuma mkokoteni." Akatema ganda. "Lakini mimi si mkatili. Huyu mtoto Peiyao anatoka kuruka peke yake, dansi haijui. Mfundishe. Mfundishe majina yote na maana zake, aandike kwenye daftari. Jumamosi ya wiki ijayo naweka kamera, nami nitatazama kitu kimoja: pia, ile mizunguko ya wawili sambamba. Zikilingana, Hanbo ni wake. Zisipolingana, mtoto anarudi kuruka, na wewe na Hanbo mnaendelea. Umenisikia?"

Alisikia, tena vizuri sana. Timu nzima ilikuwa na wasichana kumi na mmoja na wavulana watatu. Wavulana wa mji ule hupenda kukimbiza mpira barafuni kwa magongo na kuvunjana meno. Wa kuvaa shati la kumetameta na kumshika msichana kiuno unawatafuta kwa tochi. Na dansi ya barafuni haichezwi na mtu mmoja. Msichana asiye na mwenzake anapewa watoto wa miaka mitano awafute kamasi, miezi miwili mitatu, kisha anapewa tiketi ya garimoshi. Tiketi ya Xueqing ingekuwa ya Hegang, mji wa makaa ya mawe walikobaki wazee na paka, na mama yake anayeuza mikate ya mvuke mbele ya kituo. Alikwishamwambia mama yake kwamba atarudi akiwa na medali. Huo ndio uliokuwa mzigo wake, na ulikuwa mzito.

Basi akafundisha.

"Tuanze na chuma," alimwambia Peiyao siku ile ile, akigeuza kiatu juu chini. "Watu wanadhani kina makali kama kisu. Hakina. Katikati pana mfereji, na huku na huku kuna kingo mbili, wa ndani na wa nje."

"Dada, mimi nimeteleza tangu nina miaka mitano," Peiyao alisema. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitano, mrefu, mdomo haufungi, ametoka Qiqihar na masanduku mawili ya vitafunio.

"Umeruka tangu una miaka mitano. Kuteleza bado. Andika. Ukilalia upande wa kidole gumba, uko kwenye ukingo wa ndani. Ukilalia upande wa kidole kidogo, uko kwenye ukingo wa nje. Ukisimama wima juu ya zote mbili, uko bapa. Bapa ni uvivu, na waamuzi wanauona."

"Bapa ni uvivu," Peiyao aliandika, ulimi nje. "Na mimi leo asubuhi nilikuwa wapi?"

"Bapa. Kama chapati."

Mtoto alicheka hadi akajikwaa. Hakuwa na hila hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi Xueqing kuliko yote. Mtu anapokuja kukunyang'anya maisha yako, angalau awe na roho mbaya, upate wa kumchukia.

Siku ya pili waliingia kwenye migeuko. Xueqing alimwonyesha tatu: unakwenda mbele kwa mguu mmoja, unageukia ndani ya duara, unaendelea kinyumenyume, na barafu inabaki imeandikwa namba tatu. Akamwonyesha mabano, ambayo ni hayo hayo ila unageukia nje ya duara, na mwili wote unapiga kelele kwamba hautaki. Akamwonyesha mohoki: unabadilisha mguu na unabadilisha mwelekeo, lakini ukingo unabaki wa aina ile ile, ndani kwa ndani au nje kwa nje. Halafu choktau, dada yake mohoki mwenye kiburi, ambaye anabadilisha mguu, mwelekeo na ukingo pia, vyote kwa mpigo mmoja.

"Majina gani haya?" Peiyao aliuliza, amekaa chini kwenye barafu, matako yamelowa.

"Ni makabila ya watu wa Amerika. Usiniulize barafu yetu iliwahusu nini, hata Kocha hajui. Inuka."

"Nimeanguka mara saba."

"Mimi sikukuhesabia. Inuka."

Aliinuka. Kila mara aliinuka. Siku ya nne mohoki zake zilikuwa safi, na siku ya tano alipita na choktau kwenye kona bila kuangalia miguu. Hanbo alikuwa amemshika ubavuni, mikono imepishana mbele na nyuma, na Xueqing alisimama kando na daftari la mtoto kwapani. Loo, kumtazama mwenzako wa miaka minane anashika kiuno kingine, kwa mshiko ule ule, vidole vile vile! Moyo wake ulikuwa unaungua na sura yake imetulia kama ya mkaguzi wa tiketi.

Hatimaye wakafika kwenye pia.

"Hii ndiyo roho ya kazi," Xueqing alisema. "Unazunguka juu ya mguu mmoja huku unasonga mbele. Ukisimama mahali pamoja, hiyo si pia, ni kizunguzungu tu. Mwenzako anazunguka pembeni yako, karibu mkono mmoja, na hamgusani. Mizunguko minne, mnabadilisha mguu, mingine minne. Mnaanza pamoja, mnamaliza pamoja. Mmoja akitangulia kwa kufumba na kufumbua jicho, waamuzi wanaona, na mamia ya watu ukumbini wanaona, hata bibi yako mbele ya televisheni anaona."

"Na mnaanzaje pamoja kama hamgusani?"

Xueqing alivuta glavu zake zikakaa sawa.

"Kwa muziki," alisema. "Unaachia mkono wake, unakwenda."

"Basi?"

"Basi. Andika."

Peiyao akaandika. Na hapo, mpenzi msomaji, uongo ulikuwa umeingia daftarini, kwa mwandiko mzuri wa mtoto wa watu.

Maana kulikuwa na jambo jingine. Miaka minane nyuma, Xueqing akiwa na kumi na tano na Hanbo kumi na sita, pia zao zilikataa katakata kulingana. Kocha Guan aligonga ubao kwa kifuniko cha chupa, akapiga kelele, "Mmoja wenu ni kiziwi! Nikimjua ni nani, namrudisha kwao!" Xueqing alilia kwenye korido hadi pua ikavimba. Hanbo alikuja akakaa karibu naye, akavua glavu, akasema maneno ambayo hakuyasahau.

"Ni mimi. Sikio langu la kushoto liliugua nilipokuwa mdogo. Muziki humu ndani unarudishwa na kuta, napoteza pigo. Kabla hujaniachia mkono, nibinye mara mbili. Nikisikia ya pili, naondoka."

Kesho yake alimbinya mara mbili, na wakazunguka kama mtu na kivuli chake. Tangu siku hiyo hadi leo. Hakumwambia Kocha, hakumwambia mama yake, hakumwambia mtu. Wapo wanawake wanaowabeba waume zao mgongoni. Yeye alimbeba Hanbo kiganjani, na alijivunia mzigo huo kimyakimya. Kocha alipolalamika kwamba wanaburuta muziki, Xueqing alijisemea moyoni kwamba ni sikio la masikini Hanbo, afanye nini, Mungu hampi mja vyote. Walipokuwa wa nne, alimsamehe. Walipokuwa wa nne tena, alimsamehe tena.

Sasa mtamlaumu? Alijua kwamba Jumamosi, kamera ikiwaka, mtoto ataachia mkono bila kubinya, Hanbo atapotea, pia zitakwenda kila moja njia yake, na karatasi mpya itabandikwa mlangoni. Hakuhitaji kumtega mtu mguu. Alihitaji tu kunyamaza, na kunyamaza hakukuwa na jina kwenye daftari lolote.

Alhamisi walikutana na Hanbo penye bomba la maji ya moto, kila mtu na chupa yake. Nje theluji ilikuwa imeziba nusu ya dirisha.

"Mtoto anajifunza haraka," Hanbo alisema.

"Haraka ya kuku kudonoa."

Hanbo alitabasamu kidogo. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye masikio makubwa ambayo wenzake waliyatania tangu bwenini. "Umemfundisha kila kitu?"

"Kila kitu chenye jina."

Maji yalikuwa yanafurika kwenye chupa ya Xueqing na hakuna aliyefunga bomba. "Xueqing, kuhusu ule mkono..."

"Usiseme." Alimshika kifundo cha mkono. "Sitamwambia mtu. Siri yako iko salama kwangu, hata wanikate."

Hanbo aliutazama uso wake, akalifunga bomba. "Umekuwa mwema siku zote," alisema, akaondoka na chupa yake tupu. Xueqing alimtazama akienda akadhani ameguswa. Amefurahi, masikini, alijiambia. Naye hataki tuachane.

Ijumaa mchana Peiyao alimletea peasi mbili zilizogandishwa, nyeusi kama mawe, akaziweka kwenye bakuli la maji zilainike. Walikaa kwenye benchi wakifyonza maji yake matamu.

"Dada, naogopa kesho."

"Usiogope."

"Nikishindwa narudi kuruka, na goti langu halitaki tena kuruka. Daktari ameshasema. Baba hajui." Alifuta kidevu. "Kuna kitu hujaniambia? Chochote? Hata kama ni kidogo."

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa, jamani. Neno moja tu. Xueqing alihisi vidole vyake vyenyewe vikijikunja, mara moja, mara mbili, juu ya ganda la peasi. Akaliona garimoshi la Hegang. Akamwona mama yake akifunua kifuniko cha mvuke na kuuliza, haya, medali iko wapi?

"Hakuna," alisema. "Lala mapema."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi saa nane mchana Kocha Guan alisimamisha tableti yake juu ya kigari, akavaa miwani, akaashiria muziki uanze. Xueqing alikaa benchi la mbele na koti la Hanbo mapajani. Hilo nalo lilimchoma, kwamba tayari alikuwa ameshika koti.

Walianza vizuri. Mshiko wa uso kwa uso, kisha ubavu kwa ubavu, tatu, choktau, choktau. Peiyao alikuwa na makosa, alilalia bapa mara moja na Kocha akaguna. Kisha wakashuka upande mrefu wa uwanja wameshikana mikono, na Xueqing alijua kila mkwaruzo wa hatua zile. Sasa. Mtoto aliachia mkono. Hakubinya.

Na Hanbo akaondoka.

Akaondoka kwenye pigo lenyewe. Si baada yake, si nusu ya pigo, lenyewe hasa, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mizunguko minne, mguu, mizunguko minne, na mtoto pembeni yake vilevile, mabega mawili yakionekana na kupotea kwa pamoja, hadi wakamaliza na mikono ikakutana yenyewe.

Kocha Guan alirudisha picha, akatazama. Akarudisha tena. "Mara nyingine," aliamuru.

Walirudia. Zikalingana. Akawaambia warudie bila muziki, kwa kuhesabu moyoni tu, na Xueqing alisali, naam, alisali kwa miungu ambayo hakuwahi kuisumbua, Hanbo aanguke. Hakuanguka. Zikalingana.

"Kwenye pigo!" Kocha Guan aliruka, mama wa miaka sitini, mbegu za alizeti zikamwagika. "Miaka minane nawalilia mniingie kwenye pigo! We Hanbo, umepona masikio au ulikuwa unanichezea?"

Hanbo aliinamisha kichwa. Hakutazama benchini. "Nisamehe, Kocha," alisema tu, na jasho likamdondoka puani.

Xueqing aliambiwa kwamba amefanya kazi nzuri. Alipigwa bega. Kocha alisema, "Umenifundishia mtoto vizuri, sikutegemea, kwa kweli sikutegemea," akaenda kutafuta gundi ya kubandikia karatasi. Wengine wakatawanyika. Gari la kusawazisha barafu likaingia, likaanza kufuta namba tatu na mabano na kila kitu, mstari kwa mstari.

Alibaki amekaa. Bado alikuwa anajidanganya, maana mtu huwa hafi siku moja. Labda leo kuta hazikurudisha sauti. Labda sikio limepona.

Peiyao alikuja mbio, viatu vyake vimevikwa vifuniko vya plastiki, daftari mkononi, uso umewiva kwa furaha na aibu.

"Dada! Usinichukie."

"Sikuchukii."

"Kuna kitu sikukiandika, naona umekisahau." Alikaa, akafungua ukurasa wa pia, akalamba ncha ya kalamu. "Jana jioni Kaka Hanbo aliniambia, kama Dada Xueqing amekufundisha kubinya mkono mara mbili kabla ya pia, usibinye. Akasema yeye hana haja nayo, anasikia vizuri tu. Ilikuwa ni ya kukungojea wewe, ili usiachwe nyuma. Mimi nikamwambia sijafundishwa kitu kama hicho. Akanyamaza kabisa, dada, nikadhani nimemkosea." Aliinua macho. "Ni nini hiyo? Inaandikwaje?"

Xueqing aliitazama kalamu. Alimwona mvulana wa miaka kumi na sita akivua glavu kwenye korido na kujitwisha uziwi usio wake, ili msichana anayelia asirudishwe kwao. Akaiona miaka yote ya kuburuta muziki. Akaona nafasi ya nne, na ya nne, na ya nne, na yeye akimsamehe! Yeye, akimsamehe! Na Alhamisi pale penye bomba, Hanbo alitaka kumwambia, naye akamshika mkono akamwahidi kumtunzia siri.

Na sasa Hanbo alijua kwamba Xueqing alimficha mtoto kitu. Alijua, na hakumshtaki kwa Kocha.

"Dada?"

"Andika," Xueqing alisema. Sauti yake ilitoka kavu, ile ile ya siku zote za mafunzo. "Kubinya mara mbili. Ni ishara. Anayechelewa humpa anayemsubiri."

Kalamu ilikwaruza. "Humpa... anayemsubiri. Na inatumika wapi?"

"Haitumiki tena."

Peiyao aliliandika hilo pia, akalipigia mstari chini kwa rula. Xueqing aliinama akaanza kufungua kamba za viatu vyake, akatoa kitambaa, akafuta chuma, ukingo wa ndani kwanza, halafu wa nje, mpaka kikakauka kabisa. Kisha akakunja koti la Hanbo, akaliacha pale benchini, akaenda kupanga sanduku.